Godoro la Bi Mize

Mama,

Salamu zangu unazipata kwenye dua kila Ijumaa, kwa hiyo hapa nakupa habari tu. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizonilazimisha kujifunza huku nalia. Habari yenyewe ni hii: nimenunua kitanda.

Usicheke. Najua ungeniuliza, mtu aliyelala msituni na siafu anataka kitanda cha nini? Lakini vita vimekwisha, mpunga wa bondeni mwaka huu umekubali, na tangu tushuke kutoka milimani sijalalia kitu chenye miguu. Baba, aliyekunywa ile dawa ya maji akaenda kupigana, bado hajarudi. Siku hizi siwaulizi tena wapita njia.

Basi nilikwenda Mohoro na mpunga kichwani, kwa fundi wa karibu na kivuko. Alikuwa na vitanda viwili. Kimoja matendegu yake yamechongwa maua, kimewambwa kwa ukindu. Kingine hakina urembo wowote, kamba za minazi tupu. Nilivikalia vyote, nikavitikisa. Cha maua kililia, nikachukua cha kamba. Fundi akasema kamba hulegea, nikihitaji kukaziwa nimwite. Nikamwambia kukaza najua, nimefundishwa na mama yangu.

Godoro ndilo lililonisumbua. Muuzaji jirani yake alinitolea la pamba, jeupe, limejaa, akalisifia kwamba Wadachi wenyewe hulalia la namna hiyo. Pamba, mama! Baada ya migongo yetu kupinda kwenye shamba la jumbe, na viboko juu yake! Hata la bure nisingelilalia. Nikachagua la sufi, nikalibonyeza kila pembe mpaka muuzaji akachoka nami.

Lile letu la zamani unalijua kuliko mtu yeyote. Nyumba ilipochomwa na ghala kukombwa, mbegu ya mpunga uliyokuwa umeificha uliishona katikati ya sufi, tukalibeba mpaka mtoni. Askari kivukoni akataka tulifungue. Ukakohoa, ukamwambia, "La mgonjwa hilo, bwana. Nalikojolea kila siku." Akaruka nyuma. Tulicheka mpaka ng'ambo.

Baadaye hatukucheka. Tulikula ming'oko ya kuchimba porini, kisha majani, na kila nilipolitazama godoro ulinijibu kabla sijauliza: "Mbegu hailiwi, Zena." Ukafa ukiwa umelala juu yake. Nilikukasirikia kwa hilo, mama, na nilikulilia vilevile.

Jambo moja hukulipangia. Godoro alilofia mtu ni haki ya mwosha. Wewe ulimjua Bi Mize kwa salamu za njiani tu, ndiye aliyekuosha. Alipomaliza, alisimama mlangoni mbele ya watu wote waliokuja kuzika, akadai haki yake. Nikalikalia godoro. Kusema kilichomo sikuweza, maana kila aliyekuwepo alikuwa na njaa, na mbegu ingekuwa chunguni kabla udongo wa kaburi lako haujakauka. Nikasema tu, sitoi. Watu wakaguna. Bi Mize akakunja pua, akasema kwa sauti kubwa, "Mwachieni. Linanuka mkojo, hata mbwa hatalitaka." Akaenda zake mikono mitupu. Tangu hapo kijiji kizima kinaniita yule aliyemnyima mwosha wa mama yake.

Kwa hiyo jana, niliporudi na godoro jipya kichwani, nyumbani kwangu nilipapita. Nilikwenda kwa Bi Mize. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea, nikaanza kueleza habari za askari na kivuko. Akanikatiza.

"Mwanangu, nilipomwinua mama yako nilisikia punje zikimiminika mle ndani. Mwosha asipodai haki yake, watu watauliza kulikoni. Ndiyo nikadai, kisha nikalitukana, asije mwingine akalitaka."

Alijua, mama. Alijua mpunga ulipo, naye ana njaa kama mimi. Na mjukuu wake, yule aliyekuwa akitambaa uani siku ya msiba wako, alizikwa kabla mvua hazijaanza. Nilimwambia hivyo, huku nashindwa kumtazama. Akajibu, "Ingekuwa shibe ya siku moja," akainama kutandika lile godoro jipya nililomletea.

Alilijaribu papo hapo. Akalala, akanyoosha miguu, akasema ni gumu. Mwongo huyo, nimelichagua mwenyewe.

Kitanda changu kimefika leo asubuhi kwa mtumbwi. Nimekitandika lile godoro letu, nimeliongeza sufi mpya, na katikati nimeshona mbegu ya mwakani, iliyotokana na ile yako, kama ulivyofanya. Inaniumiza ubavu. Sasa najua ulivyokuwa ukilala.

Pumzika, mama yangu. Mungu akulaze mahali laini kuliko pale nilipokuacha. Mvua za kwanza zikinyesha nitalifumua godoro, na jaruba la kwanza nitakalopanda litakuwa la Bi Mize.

Mwanao,
Zena