Sauti ya Mama Kwenye Filamu za Italia

Nyumbani, ghorofa ya pili, mlango wa kijani
Jumanne, tarehe 11 Machi

Mpendwa Kaka,

Habari za huko kwenye baridi? Natumaini mgongo umetulia, wifi amepona kile kikohozi, na watoto bado wanakumbuka kwamba wana shangazi. Sisi huku tu wazima. Macho ya Baba ni yale yale; daktari anasema presha yake imeshuka, lakini macho iliyokwisha kuyachukua haiyarudishi. Anakula vizuri na anabishana vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mimi nipo saluni, nasuka tangu asubuhi mpaka vidole vinagoma.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Ni amri ya Mama. Anasema simu ukiikata imekwisha, lakini barua utaitia mfukoni na kuisoma tena ukiwa peke yako. Basi kaa chini, Kaka, usisome umesimama.

Ni kuhusu zile filamu zake za mapenzi za Italia, za Jumamosi alasiri. Unazikumbuka. Ulipokuja likizo ulisema si filamu nyingi, ni filamu moja inayobadilishwa nguo. Dada wa mjini anakwenda kuuza nyumba ya bibi yake kule kijijini, anamkuta seremala asiyejua kitana, wanagombana, mvua inawanyeshea, wanapatana. Tulicheka sote, na Mama akacheka. Ila tangu siku ile mpaka ulipoondoka alizitazama kwa sauti ndogo. Wewe hukuona. Mimi niliona.

Baba alipopoteza macho, nilidhani Mama ataziacha. Kumbe ndipo alipoanza kazi. Alimketisha Baba pembeni yake akawa anamsimulia. Yale maandishi ya chini ya picha hupita mbio kuliko anavyosoma, unajua shule aliiachia darasa la nne, basi palipopungua alijaza mwenyewe. Na kwa kuwa ni fundi cherehani, hakuacha uzi: "Sasa anashuka ngazi za mawe. Gauni la kitani, rangi ya ndizi mbivu, pindo limeshonwa ovyo." Wakifika pale pa kubusiana alisema, "Hapo wanasalimiana." Baba akauliza, "Mbona salamu ndefu hivyo?"

Siku moja nilimuuliza anapenda nini humo. Alikuwa anatunga uzi, hakuinua hata kichwa. "Huko mtu akikasirika anarusha mikono juu, kisha analeta sahani mezani. Hakuna anayekufa. Mimi nimezika watu wa kutosha, mwanangu. Jumamosi nipe harusi." Tangu hapo sikuwahi kuzicheka tena.

Majirani walianza mmoja mmoja. Fundi viatu wa chini, kisha mke wake, kisha yule mwalimu mstaafu ambaye hasalimii mtu. Wote wana televisheni kwao, lakini walikuja kumsikiliza Mama.

Sasa sikia. Mwezi wa kumi alikuja saluni mteja, fundi wa sauti wa kituo cha televisheni. Nikiwa namsuka akawa analalamika: wanataka kuzitia filamu zile sauti za Kiswahili, wamepata wasichana na wavulana tele, lakini bibi hawana. Kila wanayemjaribu ni binti anayejikohoza ili aonekane mzee. Nikamwambia, "Dada, njoo kwetu Jumamosi." Akaja, akakaa sakafuni maana viti vilijaa. Filamu ilipokwisha alimshika Mama mkono akamwomba aende studio Jumatano.

Mama hakulala vizuri siku tatu zile. Alinyoosha gauni lake la bluu mara mbili. Studio yenyewe ni chumba kidogo, kuta zimefunikwa mazulia kama vile sakafu imepanda ukutani. Wakamvika hedifoni, wakampa karatasi. Kaka, nilijua tumekwisha. Alisoma neno moja, akatafuta la pili kwa kidole, na yule bibi wa kwenye skrini alikuwa ameshafunga mdomo kitambo. Mara ya pili, vile vile. Mkubwa wao akavuta pumzi akasema, "Asante, Mama. Tutakupigia." Sote tunajua maana yake.

Nilitamani kumshika mkono tuondoke. Yeye aliziweka karatasi mezani, akazisawazisha kama vipande vya kitambaa, akasema, "Mwanangu, mimi na karatasi hatujazoeana. Nionyesheni huyo bibi mara mbili. Kisha nyamazisheni sauti yake, niseme mimi."

Yule mkubwa alitazama saa. Mteja wangu akasema, "Mara mbili tu, bosi."

Wakamwonyesha. Ni bibi mwenye hoteli ndogo, yuko mlangoni na mgeni wake, dada aliyemkasirikia seremala na amekwisha kufunga sanduku arudi mjini. Mteja wangu akamnong'oneza Mama maana ya maneno. Mara ya tatu sauti ikazimwa, na Mama akamwangalia yule dada wa kwenye skrini kama alivyoniangalia mimi siku ile nilipotaka kuvunja uchumba, na akasema polepole:

"Treni zipo kila siku, mwanangu. Mtu wa kukungojea stesheni hayupo kila siku."

Mdomo wa bibi ulifumba na wa Mama ukafumba. Yule mkubwa alivua hedifoni, akasugua shingo, akamwomba arudie. Mama akauliza, "Nimekosea wapi?" Akajibu, "Hujakosea, Mama. Nimesahau kurekodi."

Filamu sita, Kaka! Wamempa nafasi ya bibi katika zote sita. Na usidhani ilikuwa mteremko. Kila jioni baada ya kazi nilimsomea maneno yake, na Baba akayameza. Sijui aliyaweka wapi, kichwa kile kilichokariri barabara zote alipokuwa dereva wa lori. Mama akikwama, Baba anamtupia neno kutoka kitandani. Hata studio alikwenda naye, wakamwekea kiti nje ya kioo. Yule mkubwa siku hizi anamwita Karatasi.

Jumamosi iliyopita filamu ya kwanza ikaonyeshwa. Nilisimama mlangoni, viti vilikwisha na sakafu ilikwisha. Bibi wa hoteli alipofungua mdomo, ikatoka sauti ya mama yetu, ile ile ya kutuitia chakula. Fundi viatu alipiga kelele, mkewe akampiga kofi la bega. Baba alinyanyua mkono watu wanyamaze. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, kisha akauliza kwa sauti kubwa, "Huyo mwanamke ameolewa?"

Mama akajibu, "Ameolewa, na mume ana maneno mengi."

Nililia mbele za watu, Kaka, na wala sikuona haya. Nimelelewa na mwanamke yule miaka thelathini na nne nikidhani namjua.

Jana nilimsindikiza kununua zipu na vifungo. Duka lilijaa. Alipouliza bei, muuzaji aliacha kupima kitambaa, akamkazia macho. "Mama, sema tena." Akasema tena. Yule dada akaziba mdomo: "Ni bibi wa hoteli!" Wateja wote wakageuka. Mama alijifanya kutafuta kitu kwenye mkoba, lakini nilimwona midomo ikicheka. Tulipotoka nikataka kuita teksi, maana mzigo ulikuwa mzito. Akakataa. Akanipa mimi mzigo, akajishika mtandio, tukarudi kwa mguu mtaa mzima, na kila tuliyepishana naye, tunayemjua na tusiyemjua, Mama alimsalimia kwa sauti.

Msalimie wifi sana, na wabusu watoto hao kwa niaba yangu. Baba anakusalimu na anasema ule vizuri. Baba Mdogo na Shangazi mkubwa wanauliza lini utakuja. Mungu akutunze kazini na njiani, na akurudishie nguvu za mgongo. Mama hajaniomba niandike hili, lakini naliandika: mpigie Jumamosi filamu ikiisha, umwambie unamjivunia.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukiwa mbishi,
Msusi