Kiberiti cha Kuwashia Kiko Chako, Bibi

Bibi,

Sasa hivi tu kitukuu chako kafanya jambo. Nilikifungua kiko chako kwenye kanga nikakiweka juu ya mkeka, nikageuka kidogo kutafuta kalamu. Kurudisha macho namkuta kakaa, miguu kainyoosha mbele, kiko kakishika kwa mikono miwili. Badala ya mrija, kaweka mdomoni kile kichwa cha udongo. Kanyonya. Halafu kakunja uso wote, katema, kaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemdanganya. Nimecheka peke yangu humu ndani mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakujua kukoma.

Shikamoo, Bibi. Ungekuwepo ungeitika, "Marahaba mke mwenzangu, mume wetu hajambo?" Na huyo mume wetu, Babu, alikufa mimi sijaota hata jino. Siku hizi hakuna anayeniita mke mwenza. Hilo nalo liliondoka.

Naandika nikiwa chumbani kwako, hapa Lusu. Shangazi Holo kakifanya stoo. Magunia ya mpunga yamefika mpaka pale kilipokuwa kitanda chako, na nimekaa juu ya moja. Nimekuja jana kwa pikipiki kutoka Bukene, mtoto mgongoni. Baba yake yupo Igunga, anapakia mpunga kwenye malori, akipata nafasi anakuja, asipopata anatuma salamu. Kule Bukene tupo wawili tu, mimi na huyu. Treni ya Mwanza ikipita ananyoosha kidole, mimi namwambia, "Ile treni." Ndiyo maongezi ya siku nzima. Siku moja nilizidiwa nikaipiga namba yako. Akapokea kijana, "Nani mwenzangu?" Nikakata.

Sasa nikwambie kilichonileta, maana leo ndiyo leo.

Unakumbuka siku ya mwisho nilipokuja kwako, tumbo likiwa kubwa? Ulikuwa unajaribu kuwasha kiko, mkono unatetemeka, njiti ya kiberiti inazimika kabla haijafika. Zamani ulikuwa unaniagiza kaa la moto jikoni, nakuletea kwenye kigae, unalichukua kwa vidole kama unachukua karanga. Siku hiyo vidole vilikataa. Ukasema, "Niletee kiberiti cha gesi, kisichonikimbia." Halafu mtoto akacheza, ukaweka mkono tumboni kwangu. Ukasema, "Huyu ni Nyamizi. Nimempa jina langu. Ukimwita lingine nitakuja kukuuliza." Tulikuwa wawili tu, Bibi. Hakuna mwingine aliyesikia.

Nikajifungua. Siku ya nane nikaletewa habari yako. Kusafiri sikuweza, walikuzika mimi nimelala Bukene na mtoto kifuani, na kile kiberiti sikuwa nimekuletea.

Miezi miwili baadaye binti wa Shangazi naye akajifungua, wa kike. Shangazi akasema Nyamizi ni yule. Nikamweleza uliyoniambia. Akanijibu, "Huyo wako alizaliwa Mama akiwa hai. Jina lilikuwa bado lina mwenyewe. Na wewe ulikuwa wapi sisi tukimgeuza kitandani?" Na hapo pa mwisho ni kweli, wao ndio walikugeuza.

Babu mdogo, mdogo wako, akaamua kwa namna yake. Tukusanyike kaburini, kiko chako kiwashwe kwa jina la mtoto wangu. Kikiwaka umekubali. Kisipowaka, jina na kiko viende kwa mjukuu wa Shangazi. Mwaka jana tukafanya. Babu mdogo akawasha njiti ya kwanza, upepo. Ya pili, ikafika, tumbaku ikatoa moshi mdogo, ikafa. Ya tatu vilevile. Nikasikia nyuma yangu, "Kakataa." Mtoto wangu alikuwa amelala begani, hajui kama kanyang'anywa kitu. Babu mdogo ndiye aliyesema, "Tutarudia mara moja tu, mwakani, baada ya mavuno." Kiko akaniachia nikitunze, na mtoto nimekuwa namwita Mtoto tu. Mavuno yamekwisha, Bibi.

Kwa hiyo mwaka mzima mwenzio nimekuwa natafuta kiberiti.

Usicheke. Cha kwanza nilinunua mnadani pale Bukene, kina tochi kitakoni. Yule kijana anayeuza akasema, "Dada, hiki mpaka mtoto aolewe." Siku ya pili moto hakuna, imebaki tochi. Cha pili kilikuwa cha kubonyeza, moto wa bluu unanguruma kama wa mafundi wa kuchomelea mageti. Huo hauzimwi na upepo, lakini nilipojaribu kwenye kiko uliichoma tumbaku juu juu, ikawa nyeusi, chini mbichi, na moshi mchungu kama kitambaa kinaungua. Ungenipiga na mrija.

Ndipo nilipompeleka mtoto Tabora mjini kutazamwa macho (hajambo sasa), nikaingia duka moja la Mwarabu, mzee, ndevu nyeupe, anauza kila kitu kuanzia misumari. Nikamwambia nataka kiberiti kizuri cha bei ya kawaida. "Cha jikoni?" Nikamwambia, cha kiko. Akavua miwani. "Kiko! Nani anavuta kiko siku hizi, binti yangu?" Nikasema, bibi yangu. "Mwambie namsalimia, tumebaki wachache." Nikashindwa kumwambia. Nadhani aliona mwenyewe, kwa sababu alivaa miwani, akanipangia viberiti mezani taratibu kama anapanga dawa.

Alinifundisha vizuri. Kile cha chuma cha petroli, chenye utambi, kinavumilia upepo, lakini petroli inakauka yenyewe hata usipotumia, na pafu la kwanza linanuka mafuta ya gari. Akakisogeza pembeni. Akasema kwa kiko chukua cha gesi chenye jiwe na gurudumu la kuzungusha, moto wa njano, laini. Kiwe cha kuonesha ndani, uone gesi ilipofika, usidanganywe na rangi. Kiwe na tundu chini la kujazia. Halafu akaniambia nikilaze. Hapo ndipo penye siri, maana tumbaku ipo chini na moto wenyewe unataka kwenda juu, ukikilaza vibaya unakuunguza kidole gumba. Nikavilaza vitano. Vitatu vikaniunguza, kimoja kikazimika. Cha tano kililala kikaendelea kuwaka taratibu, kidole kizima. Si cha ghali. Kilikuwa cha kijani tu, kibaya cha sura.

Nimekitunza. Kila asubuhi nakijaribu mara moja, mtoto anasema "aa!" nakirudisha juu ya kabati asipofika.

Lakini Bibi, kuna usiku mmoja nilijiuliza, je, huku si kukufunga mdomo? Wao wanakuuliza wewe, mimi nakwenda kununua jibu dukani. Nikakaa nalo siku nyingi. Mwisho nikakukumbuka ulivyokuwa. Wewe kiko kikigoma hukusema mizimu imekataa. Ulikuwa unatoa tumbaku, unaianika kwenye ungo juani, unapitisha unyasi mkavu kwenye mrija, unajaza upya kwa vidole vitatu, chini legelege, juu umekaza kidogo. "Kiko kina adabu yake," ulikuwa unasema, "ukikiharakisha kinakununia." Basi kutafuta moto mzuri si kukudanganya. Ndivyo ulivyonilea.

Kinachonikaba ni kingine, na sijamwambia mtu. Mwaka jana nani alijaza kile kiko? Ni mimi. Walinipa heshima hiyo kwa sababu nilikuwa nakujazia tangu mdogo. Tumbaku ilikuwa imekauka sana, nikainyunyizia maji kama ulivyokuwa unafanya, ila kwa haraka maji yakaingia mengi. Nikaiona imelowa. Sikuisubiri ikauke, watu walishasimama, nikaona aibu, nikaijaza hivyo hivyo. Haikuwa wewe uliyekataa, Bibi. Ilikuwa tumbaku mbichi. Na nilisimama pale nikasikia wanasema umekataa, nikafunga mdomo. Nimekusingizia mwaka mzima.

Nikisema leo, najua Shangazi atakavyonijibu. "Mwaka jana maji, leo kiberiti cha Tabora, wewe huishiwi." Anaweza kusema basi na hii ya leo haina maana, jina liende kwake. Na nikinyamaza, moto ukashika, nitampa mtoto jina kwa mdomo uliofungwa. Kila nikimwita Nyamizi nitakuwa nakumbuka.

Kwa hiyo nimeamua. Tumbaku nimeianika tangu jana, imekauka inavyotakiwa. Kiko sikijazi mimi, atajaza Shangazi mwenyewe. Kiberiti nampa Babu mdogo mkononi, nimwelekeze tu namna ya kukilaza. Mimi nitashika mtoto. Naona moto utashika, Bibi, moyo wangu unaniambia hivyo. Lakini usiposhika sitasema umemkataa, na huyu nitamlea anajua kwamba kulikuwa na mtu aliyeweka mkono tumboni kwa mama yake akafurahi. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nyingine sina.

Pumzika, Bibi yangu. Ukinikumbuka njoo hata ndotoni unitukane kidogo, nimekosa wa kunitukana kwa upendo. Mtoto alikuwa kasinzia kwenye mkeka, sasa kashaamka, anavuta daftari, ona alivyopinda mstari huu. Nje wanakokota mikeka. Babu mdogo anakohoa, ameshafika. Shangazi anaita, "Wewe! Leta kiko, jua linapanda!" Naja, naja. Nitasema kwanza, Bibi, kabla ya moto, kabla hata hawajakaa, nitasimama niseme tumbaku ya mwaka jana ni mimi niliyeilowe—