Bonifasia, Uliyekataa Kuambiwa Kalista Amerudi Kwao

Mama, mwaka umetimia tangu homa ya mapafu ikuchukue, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Umetuachia shamba, umetuachia na hasira zako. Shamba tunaliweza.

Hukukaa kula kabla ya kuuliza nani hajarudi. Ndivyo bibi yako alivyokulea kule Kanazi: mwanamke asipoonekana, majirani wote watoke siku ileile, jina lake litajwe kila penye watu, na mtu asithubutu kusema amekufa au ameolewa mpaka awe amemwona kwa macho yake. Ulituambia hayo tukimenya ndizi, na tulipopiga miayo ulianza upya.

Kisha Operesheni ya vijiji ikatuhamishia kijiji kipya, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, maji yakawa mbali. Jirani yetu akawa Kalista, mjane aliyekimbia Burundi, yule aliyekulimia maharage ulipojifungua Benedicta. Siku moja alikwenda kuchota maji, hakurudi. Katibu wa kijiji akakwambia huyo ni mkimbizi, bila shaka amerudi kwao.

"Kwao ni hapa," ulimjibu. "Nyumba yake iko mstari wa tatu. Mliipanga ninyi wenyewe."

Akaongeza sauti ya redio. Ukarudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Yeye ni kijana kwako, kwa hiyo alikuamkia shikamoo. Nawe uliitikia marahaba kisha ukamwuliza Kalista yuko wapi. Mwishowe akaacha kukuamkia. Akikuona unakuja alitokea mlango wa nyuma, mtu mzima na cheo chake, akikatiza kwenye mihogo ya watu.

Vita vilipoanza alipata jibu jingine. Felisita, binti wa mdogo wako Melania, alipotea akitoka kusaga mtama, nasi tukaambiwa taifa liko vitani, mgambo wana kazi, mambo ya wasichana yangoje. Hata Baba alikusihi unyamaze usije ukaitwa msaliti. Ulimpakulia chakula, ukajitanda kanga, ukaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Asubuhi hakuna mwanamke aliyekwenda shamba la ujamaa. Mlikaa chini mbele ya ofisi, majembe mapajani. Katibu alikufungia kwenye ghala la mahindi akisema unahujumu vita. Ulizungumza naye kupitia mlangoni, wala hukupaza sauti.

"Wanajeshi watakula nini, katibu, kama wanaolima wanapotea mmoja mmoja?"

Wenzako hawakubanduka pale. Jua lilipoanza kushuka alichoka yeye, akakufungulia, akatoa mgambo wa kutafuta.

Walimkuta Felisita huko Nyakahura, amefungiwa ndani kwa mnunuzi wa ng'ombe aliyemnyakua njiani na kumwita mkewe. Alirudi amekonda, hasemi na mtu. Ulilala naye chumba kimoja, ukimsuka nywele na kumfumua, ukimsuka tena, mpaka siku alipokwambia unamvuta sana. Ulitoka nje ukalia. Mnunuzi yule hakushtakiwa. Tuliambiwa tumshukuru Mungu kwamba binti yuko hai. Kumshukuru Mungu tulikwisha kumshukuru. Tuliyekuwa tunamwuliza ni katibu.

Siku ya mazishi yako katibu huyohuyo alisimama kaburini akakusifu kuwa mfano bora wa mwanamke wa kijiji cha ujamaa. Alisema mengi, na kwa muda mrefu. Baba alitazama viatu vyake. Ndipo Felisita akainuka, yeye ambaye hata kanisani huimba kwa kunong'ona.

"Shikamoo," alimwambia. "Kalista mmemtafuta wapi?"

Mwezi uliopita tulikwenda tena ofisini kwake, akatuambia suala hilo lilikwisha kufungwa. Hatujui lilifunguliwa lini.

Unakumbukwa na mumeo Matiasi, wanao Xavery na Benedicta, mdogo wako Melania, Felisita wako, na majirani wote. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili. Jumatatu tutakuwa ofisini, upande wa mlango wa nyuma.

Sisi kukusahau hatuwezi, Mama, na wao hatuwapi nafasi.