Kumfichia Mama Kyalo

Jumanne, 14 Januari

Chaki imeisha tena. Nimeazima kwa Mama Kyalo, kama kawaida. Gredi ya Sita wamenicheka nilipowaambia wanyamaze. Wanasema Kiswahili changu cha Mombasa ni cha redio. Miaka yote hii Riruta na bado wanacheka. Mama Kyalo akachungulia mlangoni, akawatazama tu. Kimya. Ana jicho ambalo mimi sikujaliwa.

Yeye huwafundisha Hisabati, mimi Kiswahili. Wanafunzi humwita Ticha Mwikali. Ndiye aliyenipokea nilipohamishiwa hapa, simjui mtu, sijui hata gari la Kawangware linapandiwa wapi. Akanitafutia chumba cha kupanga karibu na kwake. Desemba hii anastaafu. Sitaki kuifikiria ofisi ya walimu bila yeye.

Alhamisi, 6 Februari

Wanjiru, kiranja wa Gredi ya Sita, alinisubiri nje ya ofisi.

"Ticha, Ticha Mwikali ametufunza sehemu tena."

Nikamuuliza ubaya uko wapi.

"Ni zile za jana. Na za juzi. Hata mifano ni ile ile. Nusu ya chapati, robo ya chapati."

Nilimkemea. Nikamwambia mwalimu akirudia somo ni kwa sababu nyinyi hamjaelewa. Alinitazama kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto akidanganya. Wengine walikuwa nyuma yake, wanacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga. Kila Ramadhani Mama Kyalo huenda kunywa chai yake jikoni kwa mpishi, kunistahi. Yeye ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya. Hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo.

Leo alinimiminia kikombe pomoni, akaniwekea mbele ya walimu wote. Nikamwambia nimefunga.

"Umefunga nini?"

Walimu wakacheka. Walidhani anatania. Mimi nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake. Hakuwa akitania. Kisha akanuna, akasema siku hizi chai yake hainifai. Nilikichukua kile kikombe nikaenda kukimwaga nje asione.

Naogopa. Sijui hasa naogopa nini.

Ijumaa, 9 Mei

Muhula wa pili. Leo nilikaa nyuma ya darasa lake nikijifanya nasahihisha insha. Akaandika mada ubaoni. Sehemu. Mwandiko mzuri, ulionyooka, kama zamani. Nilingoja wacheke.

Hawakucheka. Wanjiru akanyoosha mkono akajibu polepole, kama mtu anayefikiria. Mwingine akakosea makusudi ili apate kumsahihisha. Mama Kyalo akafurahi, akasema leo mmeamka vizuri. Darasa zima limekubaliana. Hakuna mtu mzima aliyewaambia. Watoto hawa hawa wanaopigania mpira wa karatasi.

Nilitoka nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka nikaweza kurudi.

Lakini Oktoba wana mtihani wa kitaifa. Nimeanza kuwafundisha Hisabati asubuhi kabla ya kengele. Mimi, niliyeikimbia Hisabati maisha yangu yote. Wananisahihisha wao. Siwasaidii sana. Najua hivyo.

Alhamisi, 12 Juni

Ziara ya mjini. Nimechoka hadi mifupa.

Tulikuwa tumepumzika bustani ya Jivanji, watoto wanakula mkate. Nikawahesabu. Wote wapo. Mwalimu hayupo. Simu yake inalia, haishikwi. Niliwaacha watoto na dereva na mzazi aliyetusindikiza, nikakimbia. Nimemtafuta kila kona. Nimewauliza wauza maua, askari wa kanjo wa jiji, kila mtu. Hapa mjini nani atamkumbuka mama mmoja aliyevaa sweta ya kijivu?

Nilimkuta Biashara Street, ndani ya duka la kanga. Amekalishwa kwenye kiti, ameshika chupa ya maji. Mwenye duka ni mzee wa Lamu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama ni mama yangu.

"Anasema amngoja mumewe, mwanangu. Ati ameenda kununua gazeti. Lakini saa imepita sasa."

Mumewe alikufa kabla mimi sijaja Nairobi.

Nikamwambia, "Twende, Mama Kyalo."

"Na Baba Kyalo?"

"Atatukuta mbele."

Uongo ulinitoka kwa urahisi mno. Mzee wa duka aliinamisha uso. Alishaelewa. Kwenye basi Mama Kyalo alikaa dirishani akiwatajia watoto majina ya barabara. Yote sahihi. Watoto wakaitikia kila jina.

Ijumaa, 13 Juni

Leo ni mzima kabisa. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Mapumzikoni alinivuta hadi stoo ya vitabu, akafunga mlango.

"Jana nilipotea, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Si mara ya kwanza, Salma. Juzi nilisahau kwangu. Nilisimama kwa geti ya mtu nikipigana na kufuli." Alicheka kidogo. Kisha akanishika mkono. "Nimebakisha miezi tu. Niache nimalize nikiwa mwalimu. Usiwaambie."

Nikakubali.

Jumanne, 8 Julai

Nilienda Muthangari baada ya kazi kumwona Kyalo mwenyewe. Ni karani katika ofisi moja huko. Hakunikaribisha ndani, tulizungumza getini. Nilimweleza yote, pamoja na ile siku ya mjini.

"Sister Salma, mathe yuko poa. Ni kuchoka tu. Si amebakisha kidogo? Wacha amalize."

Nikamwambia mamake hajui anapoishi.

Akatazama viatu vyake. "Nikimpeleka hosi, madaktari wataandika. Wakiandika, shule itajua. Unataka atoke hivyo, baada ya miaka yote hiyo? Kama mtu amefukuzwa?"

Nilienda nikitaka kumkasirikia, nikashindwa. Anaogopa kama mimi. Nilirudi kwa miguu mpaka Kawangware, baridi ya Julai inanipenya, nikifikiria kwamba sasa tuko watu wengi tunaojua, na hakuna hata mmoja anayefanya kitu.

Jumanne, 16 Septemba

Siku mbaya.

Simu ya Mama Kyalo imepotea. Wanjiru ndiye humbebea vitabu mezani. Mama Kyalo alimshika mkono mbele ya darasa akamwita mwizi. Kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mwalimu mkuu akaja mbio. Kwa wizi hana mchezo. Akaamuru Wanjiru aende nyumbani, kesho arudi na mamake, na asikanyage darasani hadi simu ipatikane.

Mtihani ni mwezi ujao.

Wanjiru hakulia. Hakujitetea. Alifunga mkoba wake akapita mbele yangu. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikawaambia wafungue kitabu. Ukurasa gani, wakauliza. Sikujua.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika ili nisiendelee kuzunguka chumbani.

Ofisini tulikuwa mwalimu mkuu, Mama Kyalo, mimi, Wanjiru na mamake. Mamake anauza mboga karibu na stendi, alikuja na aproni yake. Alisema mtoto wake hajawahi kuchukua hata nyanya bila kuomba. Mwalimu mkuu akasema wazazi wote husema hivyo. Mama Kyalo alikaa wima, ameshika mkoba wake mapajani, ana uhakika.

Nikamwambia Wanjiru, "Sema, mwanangu. Jitetee."

Akanigeukia mimi, si mwalimu mkuu.

"Ticha, nikisema watamfuta kazi."

Mwalimu mkuu akauliza watamfuta nani. Mtoto alikuwa tayari kuitwa mwizi. Kwa sababu yetu sisi wakubwa.

Nikasema. Yote. Sehemu, chai, duka la kanga, Muthangari. Sikumtazama Mama Kyalo nilipokuwa nasema. Mwalimu mkuu alimtuma sekretari akatafute. Simu ilikuwa ndani ya boksi la chaki, kabatini. Ilikuwa imezima.

Mama Kyalo aliishika akaigeuzageuza. Kisha akainua macho.

"Wewe, Salma? Wewe?"

Basi. Mamake Wanjiru alimshika bintiye mkono watoke. Mlangoni akasimama akamwambia Mama Kyalo, "Pole, mwalimu." Hakukuwa na dhihaka ndani yake hata kidogo. Nadhani hilo ndilo lililomvunja. Mama Kyalo alilia, mkono mdomoni, bila sauti. Mwalimu mkuu, mtu mkali yule, hakujua aweke wapi mikono yake.

Nimefanya sawa. Najua nimefanya sawa. Haisaidii.

Jumatatu, 22 Septemba

Amepewa likizo ya ugonjwa. Sweta yake bado iko kwenye kiti. Hakuna anayekalia. Walimu wananiambia pole, wengine wananikwepa. Wanjiru amerudi darasani. Tunasalimiana tu.

Jioni nilipita kwa Mama Kyalo. Mke wa Kyalo ndiye aliyefungua, siku hizi wamehamia kwake. Nikamsikia Mama Kyalo ndani, sauti yake ya darasani.

"Kama ni Salma, mwambie sipo."

Anasahau kila kitu. Hili hajalisahau.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mtihani umeanza. Mwalimu mpya wa Hisabati ni kijana mzuri, amejitahidi. Wiki hizi chache zingetosha nini? Nilisimama uwanjani nikiwatazama wakiingia na penseli zao. Sikuweza kuwaambia kitu cha maana. Niliwaambia waandike majina vizuri.

Walipotoka Wanjiru alinijia. "Ticha, sehemu nimezijua zote." Tukacheka wote wawili. Kisha akasema mengine hakuyajua. Akaenda kunawa mikono.

Jumamosi, 15 Novemba

Kyalo alinipigia simu. Desemba wanampeleka Kitui, akakae na dadake. Akasema nikitaka kumwona nije, siku hizi hagombi na mtu.

Nimeenda asubuhi. Njia nzima nilipanga maneno. Kwamba sikuwa na la kufanya. Kwamba Wanjiru alikuwa mtoto wa watu. Kwamba anisamehe.

Alikuwa amekaa kibarazani juani, ana ungo wa mbaazi mbichi zilizotoka kwao. Amekonda. Nywele amesukwa vizuri. Nikamwamkia. Akanitazama usoni kwa upole, upole ule wa kumtazama mgeni.

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Salma."

"Salma wa wapi?"

"Wa hapa hapa Riruta."

Akaitikia kwa kichwa, kama jibu limetosha. Maneno yangu yote yakabaki mdomoni. Nilikuja anisamehe, na hana tena cha kunisamehe. Hasira yake imekwenda na sisi wote. Nilidhani ningepumua. Sikupumua. Bora angenifukuza.

Alisogea kidogo kwenye benchi, akaweka ungo katikati yetu.

"Haya, keti. Zile ngumu niachie mimi."

Nikaketi. Tukachambua mbaazi mpaka jua likahama kibarazani. Nilipoondoka alikuwa bado anachambua.