Mshumaa wa Hakimu

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Kituo cha kompyuta, kabla ya wateja. Nimefagia, nimefungua madirisha, nimeyafunga tena kwa sababu ya vumbi. Kompyuta ya pembeni ni yangu mpaka wanafunzi wa kuchapa waanze kuingia. Kaka Rashidi, mwenye kituo, alinipa ufunguo mwaka jana kwa makubaliano hayo. Mshahara ni mdogo. Asubuhi ndiyo mshahara.

Leo nimeanza sehemu ya pili ya mchezo wa mahakama. CD imekuja na basi kutoka Dar es Salaam. Mhariri wa ukurasa wa vijana anataka maoni yangu gazetini kabla mwezi haujaisha. Sehemu ya kwanza niliisifu mno. Safari hii nitajizuia.

Wakili ni yule yule, Hollis, mwanamke mwembamba asiyecheka. Kitu kipya ni mshumaa. Unawaka juu ya meza ya hakimu. Kila ukiuliza swali la kijinga unapungua. Ukizimika, mteja wako anafungwa. Nimeupenda mshumaa. Unakufanya ufikiri kabla ya kufungua mdomo.

Jioni nilikwenda kwa dada yangu Yunisi. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, samansi mapajani. Elia, aliyekuwa mumewe, anamtaka mtoto. Wameachana tangu mwaka jana. Yeye anachomelea vyuma Kizota, Yunisi anauza nyanya Majengo, na Tumaini, ambaye hajafika miaka mitano, analala kwa Yunisi. Sasa Elia amekwenda mahakama ya mwanzo.

Mahakama ya mwanzo wakili haingii. Mdai na mdaiwa wanaulizana wenyewe mbele ya hakimu na washauri wawili. Sokoni Yunisi ana mdomo. Mbele ya mtu mwenye meza hana.

Nimechoka kabla haijaanza.

Alhamisi, 4 Septemba

Kesi ya kwanza ya mchezo nyepesi, ya pili ndefu bila sababu. Ya tatu ndiyo yenyewe. Dereva wa treni ameuawa, mkewe ameshtakiwa. Mkuu wa stesheni anaapa kwamba alimwona mke huyo kupitia dirisha la ofisi yake. Nikazunguka ile stesheni yote. Dirisha lake linatazama ukuta.

Nilisimama nikatembea chumba kizima. Furaha ya namna hiyo siipati mahali pengine, na najua si sifa nzuri kwa mtu wa umri wangu.

Jioni Yunisi alinieleza waliyoyazungumza kwenye baraza la usuluhishi la kata, kabla mambo hayajafika mahakamani. Elia alisema mwezi wa tano alimwona mtoto kwa macho yake, amefungiwa chumbani peke yake alfajiri, mama yupo sokoni anasubiri malori ya nyanya. Baadaye akaulizwa kwa nini hakuleta hata kilo ya unga. Akajibu alikuwa Singida tangu baada ya Pasaka hadi Saba Saba, kwenye jengo ambalo tajiri alikimbia bila kuwalipa.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mwezi wa tano alikuwa Singida. Dirisha linatazama ukuta.

Jumamosi, 6 Septemba

Mazoezi kwa Yunisi. Mimi ni Elia. Tumaini ni hakimu, anagonga sufuria kwa mwiko.

"Mheshimiwa, tunaomba usitoboe sufuria," Yunisi akamwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Sikucheka. Nilimwambia hilo si jambo la kucheka, anaweza kumpoteza mtoto. Akainuka. Nilijuta, lakini tuliendelea.

Nimempa maswali matatu tu. Ulimwona mwenyewe? Mwezi gani? Mwezi huo ulikuwa wapi? Halafu anyamaze. Hollis haongezi swali la nne. Anaacha kimya kifanye kazi.

"Na wakiniuliza mimi?" Yunisi akasema.

Nikamwambia hakuna wa kumuuliza. Shahidi wa Elia ni Elia, na Elia hakuona kitu.

Jumanne, 9 Septemba

Kesi imeahirishwa. Hakimu yuko kwenye semina. Karani ametutangazia baada ya kutukalisha kwenye benchi asubuhi nzima.

Elia alikuja na mama yake. Akanisalimu, "Shemeji, umekonda. Kompyuta hazilishi?" Yunisi akampa mama mkwe shikamoo. Yule mama akaitikia marahaba, kisha wakaanza kuzungumza bei ya nyanya, wawili hao, kama watu waliokutana kisimani. Nilikasirika. Huwezi kupiga soga na mtu wa upande wa pili.

Elia alikuwa na gari dogo la chuma alilolichomelea kwa vipande. Magurudumu yanazunguka. Akampa Yunisi ampelekee mtoto. Ni kazi safi. Ningependa liwe baya.

Jumatano, 10 Septemba

Umeme hakuna. Upepo tu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemaliza. Mkuu wa stesheni amevunjika. Anasimama, anapiga kioo ngumi, anapiga kelele, muziki unapanda. Mke wa dereva anaachiwa. Mshumaa wangu ulikuwa bado mrefu. Halafu majina ya waliotengeneza mchezo yanapita, na mwisho.

Kaka Rashidi aliingia nikiwa bado nakodolea macho majina hayo. "Wakili, tumeshinda? Basi kamfungulie mteja wa kweli, yuko mlangoni anataka kuchapa barua ya maombi ya kazi."

Nimeandika nusu ya makala. Sehemu ya pili imeizidi ya kwanza. Nimetoa alama nane kwa kumi. Nimeandika kwamba mchezo huu unafundisha kufikiri. Niliandika hivyo nikimfikiria Yunisi.

Alhamisi, 18 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Kachumba kadogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo, watu wanapepea kwa vitambaa. Hakimu kijana, ana mafua. Washauri wawili: mzee mwenye kofia ya sufu, na mama mnene wa kitenge cha kijani aliyekuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Nilikaa benchi la mbele ili Yunisi anione.

Elia alitoa ushahidi wake. Alisema nilichotaka aseme. Ameona kwa macho yake, mwezi wa tano.

Yunisi alisimama kuuliza. Sauti ilianza chini, hakimu akamwambia apaze. Akauliza la kwanza. La pili. La tatu akalitoa vizuri kuliko tulivyofanya mazoezi: "Mwezi huo wa tano, ulikuwa wapi?" Elia akafungua mdomo, akafunga. Akatazama viatu. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu nyuma akasema, "Kanasa."

Yunisi akanyamaza kama nilivyomfundisha. Nilisikia muziki. Naandika ukweli: nilisikia ule muziki.

Halafu hakuna kilichotokea. Elia hakuvunjika. Hakimu alipenga kamasi, akaandika, akasema, "Haya, mdaiwa, toa maelezo yako."

Yunisi akaeleza. Alipomaliza, yule mama wa kitenge cha kijani akafumbua macho. Kiswahili chake kizito, cha mtu wa kijijini, hana haraka nacho.

"Mwanangu, huyu hakuona. Tumesikia. Umemshika vizuri. Mimi nauliza mlango. Mlango ulifungwa, haukufungwa?"

Yunisi akanitazama. Nikatikisa kichwa. Kidogo sana.

"Usimtazame yule, nitazame mimi. Yule hakuzaa."

Watu wakacheka. Yunisi hakucheka.

"Ulifungwa," akasema.

"Siku moja?"

"Siku za malori, mama. Nikichelewa malori sipati nyanya."

"Siku hizo zote?"

"Zote."

"Na ufunguo?"

Akagusa shingo yake. Akautoa kwenye uzi, ndani ya gauni, mbele ya watu wote.

"Ukitokea moto?"

Yunisi akaufumbata ufunguo. "Huwa narudi mbio," akasema. "Kila siku narudi mbio."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akafumba macho tena. Mshauri mwenye kofia alikuwa anamtazama Elia, na Elia alikuwa ameinamisha uso. Hukumu Jumanne.

Ufunguo ule nimeuona shingoni mwa dada yangu mara ngapi. Nilidhani ni wa sanduku.

Ijumaa, 19 Septemba

Sikugusa mchezo. Nilikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa.

Jioni nilimuuliza Yunisi kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza, Damari."

Alisema bila hasira, anachambua mboga. Nimezipitia siku zote za mazoezi kichwani. Ni kweli. Nilimuuliza Elia alisema nini, lini, mbele ya nani. Sikumuuliza yeye kama ni kweli. Nilikuwa nimeshaona dirisha na ukuta, sikutaka kingine.

Tunaweza kumpoteza mtoto. Naandika hivyo, halafu nalitazama neno "tunaweza." Atakayempoteza ni yeye.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani sikusikia neno. Tumaini alilala mapajani mwangu na gari la chuma mkononi. Lilinichoma paja ibada nzima, sikulisogeza.

Jumanne, 23 Septemba

Kabla ya kusoma hukumu hakimu aliuliza maoni ya washauri, mmoja mmoja, tukisikia. Mzee mwenye kofia: mtoto aende kwa baba, bibi yake yupo nyumbani kutwa. Nilihisi Yunisi amekuwa mzito pembeni yangu, kama gunia.

Mama wa kitenge: mtoto bado mdogo, abaki kwa mama. Ila mlango.

"Siku za malori nani anakaa naye?" hakimu akauliza.

Mama yetu yuko Mvumi, miguu imevimba, hawezi kuja kuishi mjini. Majirani wote ni watu wa soko.

Yule mama akaninyooshea kidole. "Yule wa kutikisa kichwa. Wewe binti, asubuhi unakuwa wapi?"

Nikasimama. "Kazini, mama."

"Jua halijatoka, kazi gani?"

Niliufikiria mchezo. Kompyuta ya pembeni, chumba kitupu, dunia yote imelala na mimi natafuta dirisha. Ningeieleza vipi kazi hiyo pale, mbele ya watu wale.

"Naweza kukaa naye," nikasema.

Hakimu akauliza kama ni kila siku ya malori. Nikasema kila siku. Akaandika. Akakubaliana na yule mama. Tumaini anabaki kwa Yunisi, Jumapili anakwenda kwa baba yake. Mlango ukifungwa tena kwa nje, Elia anaruhusiwa kurudi mahakamani.

Nje Elia alisema, "Jirani ndiye aliyeniambia. Ningesema nimeambiwa, nani angenisikiliza?" Alimwambia Yunisi, si mimi. Yunisi akamwambia aje Jumapili mapema.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimefuta makala, nimeandika upya. Mshumaa nimeusifu, unastahili. Picha nzuri, kesi ya pili ndefu. Nimeandika pia kwamba nilirudi kwenye kesi ya tatu kutafuta kitu kimoja: mahali pa kumuuliza mke wa dereva alikuwa wapi siku ile. Hakuna. Unaweza kubonyeza mashahidi wote, kofia ya hakimu, hata saa ya ukutani. Mteja wako habonyezeki. Mkuu wa stesheni anaumbuka, muziki unapanda, na hakuna anayejua mke yule alifanya nini. Nimetoa sita.

Mhariri amejibu kwa barua pepe. Amekata aya hiyo. Anasema wasomaji wanataka kujua kama mchezo unasisimua. Unasisimua. Anauliza kama nitaandika na mwezi ujao. Nimemjibu hapana.

Ufunguo wa kituo nimemrudishia Kaka Rashidi. Nitakuwa nafika kituoni wateja wakishaanza, kama wafanyakazi wote. Aliugeuzageuza mkononi. "Sasa nani atashinda kesi za Wazungu?" Nilimwambia amtafute mwingine. Alikuwa anatania, nami nilitaka kulia, kwa hiyo nikaenda kuchapa barua ya mtu.

Jumatatu, 29 Septemba

Chumbani kwa Yunisi. Ameondoka kuwahi malori ya Iringa. Mwanga bado wa kijivu. Mlango nimeurudishia tu, upepo unautikisa, vumbi linaingia kwa chini.

Nina usingizi. Nimekaa kwenye ile ndoo. Hakuna cha kufanya hapa, na kelele za wauza nyanya sokoni hazifiki.

Tumaini ameamka sasa hivi. Hakunisalimu. Alishuka kitandani, akaenda moja kwa moja mlangoni, akausukuma kwa mikono miwili. Ukafunguka. Akasimama akatazama nje, uani, kwenye kamba ya nguo. Kisha akaufunga polepole, akarudi kitandani, akalala tena akiwa amenipa mgongo.

Nimefagia vumbi lililoingia.