Kaka Yangu na Kitenzi cha Kubaki

Jumapili, usiku. Kipupwe cha mwaka huu kimekaza. Upepo wa kusi umegonga madirisha tangu asubuhi, na mama amejifunika shali humu humu ndani ya nyumba. Mimi baridi siisikii. Nimepandwa na hasira tangu mchana na bado haijashuka.

Niandike kabla sijapoa: leo nimemdharau kaka yangu.

Anaitwa Khamis. Amezaliwa hapa Kikwajuni, akaondoka kijana, na sasa anaishi Uhispania na mke wa huko na binti yao mmoja, Nuria, mwenye miaka minane. Huko Khamis hajiiti Khamis. Anajiita Jaime. Nilimsikia mwenyewe siku tuliyokwenda kuwapokea uwanja wa ndege, akiagana na watalii wawili aliosafiri nao: "Me llamo Jaime." Mama alikuwa amesimama kando anamsubiri mwanawe, hajui kwamba mwanawe ana jina jengine.

Hii ndiyo mara yake ya kwanza kumleta mtoto Unguja; mkewe amebaki kwao. Mama amemsubiri mjukuu huyu tangu alipozaliwa. Tulitandika kitanda, tukanunua chandarua kipya, tukapaka rangi ukuta wa sebuleni. Khamis akapita na teksi moja kwa moja hadi Nungwi, hotelini. Mtoto alikuwa kalala begani kwake; alisema amechoka, atakuja kumwamkia bibi yake akishapumzika.

Alipumzika hadi leo.

Nieleze pia habari ya Kihispania, maana bila hiyo yaliyotokea hayaeleweki. Mimi ni mtembezaji wa wageni kule msitu wa Jozani. Nawaonesha kima punju, nawakataza kuwalisha ndizi, nawajibu maswali yale yale. Wahispania wamekuwa wengi siku hizi, nami nikajiunga na darasa la jioni la Maalim Shaaban, aliyesoma Kuba zamani. Anasomesha Mji Mkongwe, kwenye chumba kimoja juu ya duka la kanga. Wenzangu wote darasani wanajua kwamba nasoma kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba nilitaka siku Nuria akija niweze kusema naye bila ya kumuomba baba yake anitafsirie.

Khamis sikumwambia. Angenicheka. Yeye hucheka kila kitu ambacho hakukianzisha yeye.

Wiki iliyopita tulisoma vitenzi vya kujitendea, na nakiri nilivibeza. Kwetu mtu akijiosha ni "ji" tu: najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha. Kijineno hicho hakimuulizi mtu kabila wala cheo. Wenzetu kila nafsi wameitafutia chake: "me" yangu, "te" yako, "se" yake, "nos" yetu. Halafu mkia wa kitenzi nao unabadilika. Nikamwambia Maalim, lugha gani hii, mtu kuoga tu mpaka apange foleni ya viambishi?

Maalim hakukasirika. Akatuandikia ubaoni "quedarse", kubaki. Akasema chukulieni kama mtu anajibakisha mwenyewe. Utoe lile "se" la mwisho, ulihamishie mbele na umpe kila mtu lake, kisha ushike mkia. Me quedo, nabaki. Te quedas, unabaki. Se queda, anabaki. Nos quedamos, tunabaki. Se quedan, wanabaki. Hiyo ya "os" wanayoisema Uhispania kwa "nyinyi" akatwambia tutaijua tukikutana nayo. Tulikariri mpaka nikawa naosha vyombo huku midomo inacheza.

Sasa leo.

Wamekuja mchana. Nuria alikuwa na nywele za baba yake na meno ya mbele yaliyotoka juzi. Mtu kamfundisha kusema "Shikamoo", akaisema vizuri, mama akaitika "Marahaba" mara tatu, kisha akalia. Anamwita Nuru. Mtoto hakumsahihisha.

Khamis alitoa karatasi laini mfukoni, akapangusa kiti kabla hajakikalia. Kiti hicho nilikifuta mimi asubuhi. Akauliza kama maji yamechemshwa. Kwenye chakula akatafuta neno "uma", akalikosa, akapiga vidole hewani akiniangalia mimi nimsaidie, kama kwamba mtu anaweza kulelewa na mama yetu mpaka akaota ndevu halafu akasahau uma. Nikamwacha apige vidole. Mtoto wake alikuwa anakula wali kwa mkono, bibi yake akimuonesha namna ya kuukusanya uwe tonge, na mchuzi wa pweza unamtiririka hadi kiwikoni. Kila mmoja hajui mwenzake anasema nini, na wanasikilizana. Mimi nikakaa kimya na Kihispania changu. Niliona haya kidogo, niseme kweli. Nilikuwa nangoja nipate sentensi isiyo na kosa.

Baada ya kula mama akasema lile alilokuwa nalo moyoni.

"Khamis, baba, mwambie Nuru nnataka abaki na mimi siku hizi zilizobakia. Wewe ukitaka hoteli yako kaa, lakini yeye alale hapa na bibi yake. Muulize mwenyewe. Asilazimishwe."

Khamis akamgeukia binti yake, akatabasamu lile tabasamu la wauza nyumba, akamuuliza: "¿Te quedas aquí, o vienes a la piscina con papá?"

Neno la bwawa la kuogelea nalijua. Nilielewa swali zima, na hilo peke yake lilinifurahisha. Unabaki hapa, au unakuja kwenye bwawa na baba? Alikuwa na hakika ya jibu.

Nuria hakufikiri hata kidogo. "Me quedo," akasema. "Me quedo con la abuela."

Nabaki. Nabaki na bibi.

Khamis akageuka kwa mama, uso umejaa huruma. "Mama yangu kipenzi, anasema anashukuru sana. Lakini anaogopa. Hajazoea mazingira. Anaomba arudi hotelini."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikarejea kichwani: me quedo, te quedas, se queda. Mkia ulikuwa "o". Huyo "o" ni mimi, mwenye kusema. Hapakuwa na kuogopa popote pale, wala hoteli.

Mama akasema, "Basi. Mtoto asilazimishwe." Akaanza kukusanya sahani. Alizikusanya taratibu sana, moja moja, na nyengine zilikuwa bado zina chakula.

Ni zile sahani ndizo zilizonisemesha. Nikamwinamia mtoto: "Nuria, ¿te quedas?"

Akanitazama kwa mshangao, kisha akacheka kwa furaha. "¡Sí! ¡Me quedo!"

"Mama," nikasema, "mtoto anasema anabaki. Kasema tangu mwanzo."

Khamis aliniangalia kama mtu aliyekuta paka anafungua kabati.

"Tangu lini wewe unajua Kihispania?"

"Sikijui. Najua kubaki."

Na hapo Kiswahili chake chote kikarudi. Hakikukosekana hata kijiko. "Riziki, usijiingize kwenye mambo usiyoyajua! Unafikiri kulea mtoto ni mchezo? Hapa mbu, choo chenyewe cha kuchuchumaa, maji yanakuja yanapotaka. Akiumwa utamwambia nini mama yake?" Lafudhi ya Kikwajuni tupu, na mikono kiunoni, kama tulipokuwa wadogo tukigombea kitanda. Yule Jaime sijui alitokea mlango gani.

Mama aliweka sahani chini. "Wewe umekulia hapa, Khamis. Ulikufa?"

Khamis akambusu binti yake, akasema atamtuma dereva na begi la nguo, akatoka. Miwani yake ya jua aliivaa kabla hajafika mlangoni, na nje kulikuwa na mawingu.

Niliona raha. Sitajidai hapa kwamba niliumia. Niliona raha kabisa, nikangoja mama anisifu.

Mama akaniita jikoni. "Nlijua anasema uongo," akaniambia huku anaosha mikono. "Khamis akidanganya anakuwa na adabu nyingi. Tangu lini nikawa mama yake kipenzi?"

"Sasa kwa nini umenyamaza?"

"Nlitaka nione kama atarudi mwenyewe kwenye kweli. Umemfedhehesha mbele ya mwanawe, Riziki. Yule ni mtoto wake."

Nikamwambia kajifedhehesha mwenyewe. Mama akasema, "Na mimi je? Akikasirika asije tena, mimi ntampata wapi?" Akafuta mikono akaenda zake kwa mjukuu. Nikabaki jikoni na sahani.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nililifikiria nilipokuwa naosha, na nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyozidi kumdharau Khamis. Mtu mzima, ana mama ambaye lazima ameze uongo wake mzima mzima ili aendelee kumuona.

Alasiri ndipo nikajua sababu. Nuria alikuwa barazani anamchezea paka wa jirani, akaniuliza jambo kwa haraka. Nikamuomba arudie polepole. Akarudia, na mikono yake akachora mlango mrefu hewani. La casa grande. Nyumba kubwa iko wapi? Ile ya baba. Ya mlango wa kuchonga, ya ghorofa, inayotazama bahari.

Nilimuuliza tena na tena kwa maneno yangu machache mpaka nikahakikisha. Kaka yangu amewaambia mkewe na mwanawe kwamba amekulia kwenye jumba la Mji Mkongwe. Kumbe hakuogopa mbu. Aliogopa mtoto alale hapa, aamke hapa, asikie jirani anamwambia "baba yako alikuwa akilala chumba kile", kisha arudi kwao na habari hiyo.

Mama yangu alipika maandazi ya kuuza kila alfajiri ili Khamis asome. Chumba hiki ninachoandikia kilimtosha hadi siku alipopata pasipoti.

Nilitamani kumwambia mtoto kila kitu. Lakini darasani bado tuko kwenye wakati uliopo, uliopita hatujaugusa. Siwezi kusema "alidanganya". Nilichokuwa nacho ni kitenzi kimoja cha jamii ile ile ya kujitendea, ambacho Maalim hunitupia mimi kila nikifungua mdomo: equivocarse, kukosea. Nikamshika mkono, nikasema, "Tu papá se equivoca. La casa es esta." Baba yako anakosea. Nyumba ni hii.

Nuria akageuka akaiangalia. Aliangalia mlango wetu wa mbao za kawaida, kamba ya nguo, mtungi. "Ah, vale," akasema, yaani sawa, akarudi kwa paka wake.

Basi. Jambo ambalo baba yake amelificha miaka yote hiyo, yeye limemchukua muda wa kugeuza shingo.

Magharibi ilipokwisha Khamis akapiga simu. Hakuuliza kama mtoto kala. Hakuuliza mama yuko vipi. Aliuliza, "Kakuuliza chochote?"

"Kaniuliza nyumba kubwa iko wapi."

Nilisikia muziki wa hoteli nyuma yake, na watu wanacheka. Nilidhani labda sasa. Labda sasa atasema neno moja la kiume, nami nitamsamehe, kwa sababu ni kaka yangu na kwa sababu chumba cha pili mama alikuwa anamwimbia mjukuu wake.

"Mwambie tuliiuza," akasema. "Nakuomba, Riziki. Mwambie iliuzwa zamani."

Alikuwa ananiomba kwa sauti ya chini, sauti ya mtoto aliyevunja kitu. Ingekuwa rahisi kumuonea huruma. Nilijaribu, wallahi. Haikuja.

"Sijui 'iliuzwa' kwa Kihispania," nikamwambia. "Njoo umwambie mwenyewe, mbele ya mama." Nikakata simu.

Sasa nyumba imetulia. Nuria kalala kifuani kwa bibi yake, na bibi mwenyewe kalala na shali lake. Mimi najiuliza kama Khamis atakuja asubuhi. Nadhani atakuja, hawezi kumwacha mtoto huku na ulimi wake wa kuuliza. Mama atamkaribisha, atamtilia chai, atamwita baba, hatamuuliza lolote.

Mlango nitamfungulia mimi. Shikamoo yangu, hiyo ataisubiri.