Udongo wa Nyumba ya Mama

Jumatatu, 9 Agosti 1971
Nguzo ya saba imeingia. Zimebaki kumi na moja. Shule imefungwa, nafanya kazi tangu asubuhi. Mama analala kwa jirani na hapendi. Kaka Nyamweya, aliye kazini Kericho, alisema wazi: akirudi Jumapili akakuta nyumba ya Mama bado imeinama, anaibomoa na kujenga ya mabati. Mama hataki mabati.

Mzee Ombati, fundi wa zamani kutoka Kebirigo, huchoma ncha ya nguzo kabla ya kuifukia. Nikauliza sababu.

"Mwalimu, umewahi kuona mchwa akila makaa?"

Nimekata kipande kimoja nikitazame. Weusi umeingia nusu inchi.

Jumatano, 11 Agosti
Nguzo zote zimesimama na paa halikushushwa. Tunang'oa moja, tunatia moja, kisha tunavuka upande wa pili. Fito nilianza kuzipigilia misumari. Zikapasuka. Mzee amezifunga kwa magome yaliyolowekwa. Yakikauka yanakaza kushinda msumari. Sikujua.

Alhamisi, 12 Agosti
Nimekandika ukuta wa mlangoni peke yangu. Mguu wa Mama umevimba, nataka apumzike. Madebe matatu ya udongo, moja la samadi. Nimeridhika.

Ijumaa, 13 Agosti
Mama ameuona.

"Nani amekandika hapa?"

Mimi, nikasema.

"Basi nyumba ni yako. Oa, mlale humo."

Wake za majirani waliokuja na maji walicheka hadi mmoja akaketi chini. Kwetu mwanamume husimamisha miti. Udongo ni wa wanawake, na donge la kwanza ni la mwenye nyumba. Nilidhani ni mgawo wa kazi tu. Mama amekataa kuingia. Nina hasira na nafsi yangu. Nimebandua ukuta wote, nikamaliza jua likizama. Sabato imeingia. Kesho hakuna kazi.

Jumapili, 15 Agosti
Mama alianza alfajiri, ameketi kwenye kigoda. Wanawake wakamalizia. Mimi nilichota maji tu.

Kaka alifika saa nane, ukuta ungali mbichi. Akasukuma mwimo wa mlango kwa bega, mara mbili. Haukutikisika.

"Paa linataka nyasi mpya," alisema. Hakutaja mabati.

Jumatatu, 16 Agosti
Mama amelala kwake. Udongo wake una alama za vidole na unaishia futi tatu kutoka chini. Nimepima. Kuanzia hapo ni laini, kazi ya wengine.

Nilimuuliza kama alisikia baridi. Akasema ukuta bado unanuka maji, akaomba chai.